Mdudu wa Miguu Miwili

Zenon aliendesha magari ya misheni Kaengesa hadi akastaafu, kisha akainunua Land Rover kuukuu aliyoizoea. Mkewe, Rozina, alisema angeipa na chumba kama ingepita mlangoni.

Mwaka huu gari lilianza kumzimikia njiani. Likipumzika kidogo linawaka, likienda linazima tena. Zenon akaamua kuna mtu anamwagia kitu kwenye tangi, na mtu mwenyewe ni Masunga, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Masunga alikuwa na Land Rover yake mbovu, na mara kwa mara alikuwa akimwomba Zenon amuuzie ile yake. Zenon akatia kufuli kwenye mfuniko wa tangi. Gari likazidi kuzima.

Jumapili baada ya misa, wenye magari ya zamani walikutana kama kawaida kwenye gereji moja ya mtaa wa Mazwi. Masunga alipompa mkono, Zenon aliushika, akauinamia.

"Mzee Zenon, unaninusa?"

"Mafua," Zenon akajibu.

Mama Coleta, mwenye Peugeot ya kubebea ulezi, alikuwa akisimulia. "Mende wamehamia kwenye redio. Nikiifungua, wanatoka wao kwanza, taarifa ya habari inafuata."

"Afadhali mende," alisema Masunga. "Mimi nyuki waliingia chini ya kiti. Mke wangu Kabula alirina asali, gari nikaliegesha hadi walipohama wenyewe."

Watu wakacheka. Zenon alimtazama Masunga akicheka, akaona anacheka kupita kiasi.

"Na lako, mzee, lina wadudu gani?" Mama Coleta akamuuliza.

"Lina mdudu wa miguu miwili," alisema Zenon, macho kwa Masunga.

Kicheko kilikatika. Masunga akachukua kofia yake, akaondoka.

Siku chache baadaye Zenon na Rozina walikuwa wakienda Kaengesa, gari likazima kwenye mlima. Rozina akataka tangi lifunguliwe aone kama mafuta yapo kweli. Zenon alipolegeza mfuniko, tangi likavuta hewa kwa mlio, kama mtu anayefyonza uji wa moto. Akawasha, likawaka.

Akalala chini ya gari, akafuata kijibomba cha kupumulia cha tangi hadi mwisho. Kilikuwa kimezibwa na udongo mkavu, hewa isiingie tangini wala mafuta yasifike kwenye injini. Akauchokoa kwa waya. Wakaanguka buibui waliokauka na funza mmoja mnene.

"Nyigu," alisema Rozina. "Amejenga nyumba. Na wewe ulimtuhumu nani?"

Zenon aligeuza gari, akaenda moja kwa moja kwa Masunga, akamkuta zizini. Alimweleza yote, hata habari ya kunusa mkono.

Masunga alisikiliza bila kucheka. "Nyigu hana kabila, mzee. Lakini wewe ulipotafuta mbaya wako, uliangalia mgeni kwanza."

"Kweli," alisema Zenon. "Nisamehe, ndugu yangu."

Masunga aliendelea kumfunga ndama kamba, taratibu, Zenon amesimama tu na kofia mkononi. Hatimaye akamwita Kabula alete maziwa ya mgando.

"Keti," akasema. "Leo tunywe tu. Habari za magari tutaongea siku nyingine."