Ni Meno Tu

Pale Kalenga, mama akiona mwanawe anatoa udenda na kutafuna kila kinachopita karibu na mdomo, alikuwa haulizi mara mbili: anampeleka kwa Paskalina. Naye Paskalina, hata awe katikati ya vitunguu vyake kando ya mto, alikuwa akiacha jembe, ananawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kisha anaingiza kidole kidogo mdomoni mwa mtoto na kupapasa ufizi taratibu. "Linakuja hilo," anasema. Akishasema, limekuja. Dawa yake ilikuwa kipande cha kanga kuukuu, safi, kilicholoweshwa kwenye maji yaliyochemshwa yakaachwa yapoe. Kwa baridi ya Iringa, friji ya nini? Mtoto anatafuna kitambaa, udenda unafutwa kidevu kisichubuke, basi. Watoto saba aliwalea kwa mtindo huo, na majivuno alikuwa nayo, asikudanganye mtu.

Kitinda mimba wake, Goodness, fundi cherehani, aliolewa Mbeya, akakaa mtaa wa Soweto na mumewe Lugano na mama mkwe wake, Andendekisye. Mwaka juzi walipata mtoto wa kwanza, wakampa jina la marehemu babu yake, Silvester. Mtoto alipofika miezi saba, Goodness akapiga simu: anang'ata, ufizi umevimba, halali, mwili wa moto.

"Ni meno tu, mwanangu," Paskalina alisema. "Hata wewe ulikuwa hivyohivyo. Mpe kitambaa."

Kesho yake Goodness akapiga tena. Sasa mtoto alikuwa anakohoa, anahema harakaharaka, hataki ziwa. "Mama, si nimpeleke hospitali?"

Nyuma ya sauti yake Paskalina aliisikia ile pumzi ya mtoto. Aliisikia kabisa. "Ukapange foleni kutwa nzima wakwambie ni meno? Subiri. Kesho nakuja, nitamshika mwenyewe."

Asubuhi akapanda basi, mkobani ana vipande sita vya kanga mpya alivyovipinda ukingo kwa mkono. Basi liliposimama Chimala, abiria wakinunua mchele dirishani, simu ikaita. Alikuwa Lugano. Alilia tu, na Paskalina akaelewa. Alfajiri walikuwa wamemkimbiza mtoto hospitali. Daktari akasema ni nimonia, na kwamba jino halimpandishi mtoto homa kali wala halimbani pumzi. Walikuwa wamechelewa.

Msibani, kabla jeneza halijafungwa, Paskalina aliomba amshike mjukuu wake. Kidole, kwa mazoea, kikapita kwenye ufizi wa chini. Jino lilikuwepo. Ncha yake ilikuwa imeshatoboa. Heri angekuwa amekosea hata hilo.

Ndipo Andendekisye akauliza mbele ya wanawake wote waliokaa mkekani: "Goodness, nani alikwambia usubiri, na mtoto anahema hivyo?"

Goodness alimtazama mama yake mara moja tu. "Nilijiamulia mwenyewe."

Na Paskalina akanyamaza. Mdomo uliokuwa na neno kwa kila mtoto wa Kalenga ulikosa neno moja la kumkinga mwanawe. Toka siku hiyo, ukweni Goodness ni mama mzembe, na hajamjibu mtu. Kila Jumapili bado anapiga simu nyumbani. Anauliza vitunguu, anauliza mvua, anaaga. Hilo ndilo linalomuua Paskalina. Laiti angemtukana.

Siku hizi hapapasi tena ufizi wa mtoto wa mtu. Juzi jirani yake, Happy, alimletea binti yake, udenda chapachapa. "Mama, hebu mguse." Paskalina alikataa. Alimwekea mkono kifuani, akahesabu pumzi, akasema, "Kwanza zahanati," akajifunga kitenge, akachukua mkoba, akatangulia njia.

Nesi alimpima mtoto joto, akamsikiliza kifua, akamchungulia mdomoni, akacheka. "Bibi, huyu mzima. Ni meno tu."

Paskalina akaketi kwenye benchi, akalia kwa sauti mpaka waliokuwa kwenye foleni wakasogea kumpisha.

"Mama, mbona unalia, na mtoto mzima?" Happy aliuliza.

Paskalina alitoa vile vipande sita vya kanga, ambavyo tangu siku ya Chimala havikuwa vimetoka mkobani, akampa Happy. Kisha akamwomba amtafutie kwenye simu namba ya Andendekisye. Iliita muda mrefu.

"Kamwene, mkwe," alisalimia ilipopokelewa. "Goodness alitaka kumpeleka mtoto hospitali. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia ni meno tu."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Niliogopa."

Upande wa pili cherehani ilikuwa inakimbia. Ikasimama. Zikasikika hatua, simu ikabadilisha mikono.

"Mama," sauti ya Goodness ilisema. "Nimeweka sauti kubwa, wasikie wote. Rudia."

Paskalina akarudia.