Kilo za Maji

Katika kambi yetu ya wafanyakazi wa mgodi, pale Élisabethville, mama zetu waliogopa siku ya kupima watoto kuliko walivyoogopa homa. Mtoto akipungua kilo, mama yake alikaripiwa mbele ya wote kama mwizi. Lakini mtoto huyohuyo ndiye aliyepewa maziwa ya unga, na hilo mama yangu hakuwa ameambiwa na mtu.

Mdogo wangu alikuwa amekonda baada ya kuhara. Asubuhi ya siku ya kupima, jirani yetu, aliyemheshimu mama kama dada yake mkubwa, alimnong'oneza, "Mupe mayi mingi, yaya. Kilo iko kilo, mizani haiulize imetoka wapi."

Mama akamnywesha maji kikombe baada ya kikombe, mpaka tumbo likakaza kama ngoma.

Muuguzi, mtawa wa Kizungu ambaye wote walimwita mamere, alisoma mizani akatabasamu. Hakuushika ule mkono mwembamba kama ufito, wala hakuvuta ngozi ya paja iliyolegea.

"Muzuri, mama! Mutoto iko na nguvu. Maziwa tutapatia bengine."

Mama alifungua mdomo. Kuyaomba maziwa sasa kulikuwa kukiri udanganyifu, na foleni nzima ilikuwa ikisikiliza.

"Aksanti, mamere," akasema.

Njiani mdogo wangu alikojoa mgongoni mwa mama, mkojo wa moto usiokwisha. Mama hakumshusha. Alitembea tu, kilo zile zikimtiririka hadi visiginoni, akilia kwa sauti mbele za watu.