Wingi wa Moja

Kiingereza cha shangazi yangu, muuza machungwa wa Maramba, kinaanzia wan na kuishia teni, na siku zote kimemtosha. Juzi mzungu mmoja alisimama mbele ya genge lake, akayaonyesha kwa kidole machungwa makubwa, akasema, "Bigi wanzi." Shangazi akampa moja. Mzungu akatikisa kichwa: "Noo, bigi wanzi!" Shangazi akalirudisha, akamtafutia kubwa kuliko yote. Moja.

Ikabidi niingilie. "Shangazi, anataka haya makubwa, mengi."

"Mbona anasema wan?"

"Hapo wan si hesabu. Ni kama sisi tunavyosema 'hili'. Wanzi ndiyo 'haya', wingi wake."

"Wingi wa moja?" Alinitazama kama mtu aliyesomeshwa bure. "Mwanangu, wingi wa moja si mbili?"

Mimi niliyehangaika na lugha hiyo miaka chungu nzima nikaishia kumjazia mzungu machungwa makubwa. Mzungu akaondoka na kapu zima.

Jioni mumewe alichelewa kurudi kutoka Horohoro. Akajitetea huku akicheka, "Wasiwasi wa nini? Mke wangu ni wewe, mmoja tu."

Shangazi akaweka upawa chini. "Mmoja wa Kiswahili au wa Kiingereza?"