Mwanamke Asiyenuna

Mshonaji hakuwa na ugomvi na mwanamke yeyote wa mtaani. Aliyemnyima raha aliishi ndani ya simu, na aliyemweka humo alikuwa mumewe mwenyewe.

Mume huyo, fundi simu ambaye watu walimwita Bisibisi, alikuwa ametengeneza shairi la kugusa. Ukilifungua unawaona watu wawili wamekaa mezani. Ukimgusa mwanamume, anatoa ubeti. Ukimgusa mwanamke, anamjibu. Na kila jibu linapeleka mambo kwingine, mpaka wapatane au waachane. Wifi yake mshonaji, ambaye ni msusi, alikuja kumsimulia jinsi wateja wake walivyotokwa machozi vichwa vikiwa vimesukwa nusu.

Mshonaji akalifungua kazini, gauni la watu likiwa bado chini ya sindano. Akamgusa yule mwanamke, akamgusa tena, akaendelea. Mwanamke anasamehe. Anangoja. Anaulizia habari za kazi kwa maneno ya asali. Na Bisibisi, ambaye nyumbani hazungumzi zaidi ya kuomba chumvi, humo ndani alikuwa akimwaga mapenzi kama maji. Roho ikamchoma. Alipozinduka, mkono wa gauni alikuwa ameushona ndani nje.

Alipomuuliza mumewe huyo ni nani, Bisibisi akasema si mtu, ametunga tu. Jibu hilo likamuuma zaidi. Angekuwa mtu, angalau wangegombana.

Mwishoni mwa shairi palikuwa na nafasi ya msomaji kuongeza maneno yake. Mshonaji akaandika bila jina: "Nimekuuliza habari za kazi miaka yote. Leo niulize mimi, au unyamaze tujue moja."

Jumapili asubuhi Bisibisi alimsomea maneno hayo macho yakimng'aa. Alikuwa ameshayatia kinywani mwa yule mwanamke.

"Huyu dada anaijua ndoa," alisema. "Natamani nimjue."

Mshonaji akajikuta anamwonea wivu hata huyo dada, ingawa alijua fika ni nani.

"Mbona unaye," akamwambia. "Ndiye anayekufulia mashati."

Bisibisi akaitazama simu, akamtazama mkewe, akatoka nje kama mtu aliyesahau kitu.

Tangu hapo wivu ukahamia upande wa pili. Wasomaji waliugusa ubeti ule kuliko beti zote, wakaomba nyingine za namna hiyo. Fundi akanuna, akadai watu siku hizi hawajui ushairi. Mkewe hakumbembeleza, alitunga nyingine. Siku moja, akiwa ameinamia simu ya mteja, Bisibisi akauliza bila kuinua macho, "Sasa pale mwanamume amjibu nini?"

"Hilo sikutungii," mkewe akasema.

Mpaka leo jibu halijapatikana. Ukimgusa mwanamume baada ya ubeti ule, anakodoa macho tu, na wasomaji wanamsifu mtunzi kwamba hapo amefanya makusudi.