Mzee Tiketi Atafuta Mashine ya Kahawa

Alikagua tiketi za treni miaka thelathini, na hata alipostaafu jina likamganda: Mzee Tiketi. Maneno matupu hayakumwingia. Viganja vilipoanza kumuuma kwa kutwanga kahawa, mkewe alimtuma akatafute mashine ya umeme ya bei nafuu.

Dukani muuzaji alimwekea moja mezani. "Hii mpya kabisa, mzee wangu."

Mzee akafungua kifuniko, akanusa. "Mpya, halafu inanuka pilipili manga?"

Muuzaji akatazama chini. "Kuna mteja aliirudisha. Alisagia viungo."

"Na hilo ungeniambia lini, mwanangu?"

Muuzaji akaleta nyingine, boksi lake bado limefungwa. Mzee akatoa mfukoni punje za kahawa alizokuja nazo, akazisaga papo hapo, akausugua unga vidoleni. Ulikuwa laini, hauna chenga. Akainunua, ila risiti aliisoma mara mbili.

Nyumbani mkewe akapika kahawa, akammiminia. Mzee akaitazama tu.

"Mbona hunywi?"

"Tangulia wewe, mke wangu."

Mkewe akacheka, akanywa kikombe kizima. Ndipo mzee akaonja yake, iliyokwisha kupoa, akakubali kwamba ni nzuri.