Mlango wa Upande wa Malisho

Hodi ile, mwanangu, niliisikia kabla sijamwona aliyeipiga, na wala haikutoka mlangoni. Ilitoka ukutani.

Nakumbuka nilikuwa nimeketi ndani, mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta huohuo, nikila sifa. Kijana akisifiwa masikio huziba, lakini ile hodi niliisikia hadi kwenye mbavu.

Leo ukifika Garsen unakuta hospitali ya mawe na mabati, unadhani mambo yalianza hivyo. Yalianza kwa fito, udongo na makuti, na fundi wake alikuwa mimi. Nchi yetu siku hizo ilikuwa ndogo: Witu na sultani wake, vijiji vya wakulima kandokando ya mto, na nyuma yake malisho ya Waorma, watu wa ng'ombe. Mgonjwa wetu tulimlaza mtumbwini tukamteremsha hadi Kipini, na mara nyingi tulimrudisha kwa mtumbwi uleule, amefunikwa. Kisha Tabibu Shee, mtu wa Kipini aliyejifunza Unguja kuosha vidonda na kufunga mifupa, akasema atapanda kuja kwetu tukimjengea. Mwanangu, hatukumngoja sultani wala mzungu. Wanaume walikata miti, wanawake wakabeba maji ya kukandia udongo, na kabla ya mahindi kukomaa nyumba ya wagonjwa ilikuwa imesimama. Nikiikumbuka hata sasa kifua hunijaa.

Ila nilifanya ujanja. Mashamba yetu yalikuwa kati ya mto na malisho, na kwa upande wa malisho tulizungushia ua wa miiba ng'ombe wasiingie. Nikaona uvivu kujenga ua na ukuta pia. Nikaipanga nyumba ndani ya mstari wa ua, ukuta wa nyuma ukawa sehemu ya ua. Mlango nikauelekeza mtoni, mitumbwi inakofikia. Wajomba walicheka kwa furaha: "Komora ana akili! Ng'ombe apige pembe mpaka achoke!" Kwenye miti hakuna wajenzi, nilijiambia, ila hapa yuko mmoja.

Sasa ile hodi. Nilitoka, nikachungulia penye miiba. Nje alisimama Muorma mmoja, jina lake Guyo, na nyuma yake ndugu zake wawili wamebeba ngozi ya ng'ombe kama machela. Juu yake alilala mkewe, Dhahabo. Mguu wake ulikuwa umevimba kama gogo. Mwiba ulikuwa umemchoma unyayoni, kidonda kikaoza.

"Mlango uko mtoni," nikamwambia. "Zungukeni."

"Tuzunguke wapi, fundi? Huku mahindi, huku mahindi, mbele miiba."

"Piteni malkani." Malka ni njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji, ya karibu ilikuwa mwendo wa nusu siku.

Guyo alimtazama mkewe, akanitazama mimi. "Nusu siku huyu hana," akasema polepole.

Tabibu Shee alikuwa ameshatoka na kitambaa begani. "Komora, leta shoka, ukate ua."

Nikakataa. Ndiyo, mwanangu, mimi huyu ninayekuombea dua kila asubuhi. Nilisema mahindi yamebakiza siku chache, ua ukifunguliwa mara moja hautafungika tena, leo mgonjwa, kesho kundi zima la ng'ombe. Wajomba, waliotoka nyuma yangu, wakaniunga mkono. Tabibu alinikodolea macho. "Mwili wako mzima, kijana. Mato yako ndiyo yenye maradhi," akasema kwa Kiamu chake, mato ni macho.

Mbele ya nyumba alikuwa bibi yangu mzaa mama, Hamaro, akitwanga mahindi ya wagonjwa. Alikuwa mwanamke mfupi, wa maneno machache. Akauacha utwangaji, akaingia ndani na mchi mkononi, nasi tukamfuata.

"Komora, hii nyumba umewajengea wagonjwa au umeyajengea mahindi?"

"Bibi, lakini ng'ombe..."

"Nimekuuliza jambo dogo."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bibi yangu aliutafuta ufa. Aliinua mchi, akaupiga ukuta wangu, ukuta niliosifiwa. Udongo ukamwagika. Akapiga tena. Mjomba mmoja akapiga kelele, "Mama, unavunja nyumba ya watu!" Naye akajibu bila kugeuka, "Watu wako nje, mwanangu. Hapa ndani mko nyinyi."

Aibu ilinishika kama homa. Nikakimbilia shoka, nikakata fito kwa mikono yangu mwenyewe, na Dhahabo akapitishwa ukutani, kichwa kwanza. Tabibu Shee akachemsha kisu, akafungua usaha, akaosha, akafunga. Siku tatu hatukujua kama angeishi. Guyo alilala nje ya lile tundu, nami nililala ndani yake, ng'ombe wasiingie, ndivyo tulivyofahamiana. Siku ya nne Dhahabo akaomba chakula.

Mumewe akaanza kuleta vibuyu vya maziwa, si vya mkewe tu, vya wagonjwa wote. Mjomba yuleyule aliyepiga kelele alilala pale baadaye kwa homa, akanyweshwa maziwa ya Guyo hadi akasimama. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nilipasua mtumbwi mkuukuu wa baba, nikatengeneza mlango wa upande wa malisho.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukijenga jambo la kufaa watu, shule, kisima, hata nyumba yako tu, usisimame pale unaposifiwa. Zunguka. Nenda kwa nyuma, usimame alipo yule asiyekuja, ujiulize kwa nini haji. Jirani hakatazwi kwa neno tu, hukatazwa hata kwa ukuta. Na mzee akikuvunjia kazi yako mbele za watu, shika shoka umsaidie. Mungu akupe mikono ya kujenga na moyo wa kubomoa ulipokosea. Akupe jirani wa kuleta maziwa, na afya ya kuyanywa.

Na kama bado unaogopa kwamba ukimfungulia mtu utapoteza mali yako, sikiliza Dhahabo alivyoondoka. Mahindi yalikuwa yamekauka vizuri, ng'ombe wa mumewe wako karibu, wanayanusa. Alimshika Bibi mikono, akatuaga kwa neno lao la amani, akatoka kwa miguu yake miwili. Hatua chache mbele akasimama, akarudi. Akauvuta mlango, akaukaza, akausukuma kwa kiganja kuhakikisha umefungika.

Kisha tukamsikia, kwa upande wa pili, akiwafukuza ng'ombe.