Milamula ya Ijumbi

Katika klabu yetu ya watu sita wenye magari ya kulala, yaani Hiace na Coaster tulizozitia vitanda na jiko, kazi ya kuchagua mahali na tarehe niliachiwa mimi. Sikuipenda. Wakatoliki walikataa Kwaresima, Walutheri walikataa sikukuu ya mavuno, na wote walitaka pawe tambarare, utadhani Kagera ni meza.

Hatimaye nikapata Ijumbi, Muleba: kipande cha nyasi katikati ya kibanja cha migomba, kimezungukwa na milamula. Mimi ni Mhaya wa Bukoba mjini. Nilichojua ni kwamba mlamula ni mti wa mpaka, nikafurahi kuona eneo letu limeshapimwa. Mama mzee mwenye kibanja akasema, "Laleni tu, mwanangu. Wenyeji hawatawasumbua." Nikadhani anamaanisha majirani.

Tulikaa siku mbili. Asubuhi ya kuondoka alikuja na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akamimina kidogo chini ya bampa la gari langu huku akinong'ona Kihaya. Nikamuuliza anaongea na nani.

"Na mume wangu. Alipenda wageni. Ila umemwegeshea gari kifuani."

Milamula ile haikuwa ya mpaka.

Sasa kwenye fomu yangu, baada ya maji na choo, nimeongeza swali: nani amelala hapa? Wenzangu hucheka. Sijawaambia kinachonitisha: tangu nizaliwe, sijawahi kupata usingizi mtamu kama ule wa Ijumbi.